Tuhesabu moto: nyumba ya kaboni kidogo Kyavinyonge



Nyumba ya kwanza niliyochora Kyavinyonge, mwenyewe halali ndani yake. Jua likizama anatoa mkeka, anautandika barazani, anafunga chandarua kwenye misumari miwili, na anangoja mpaka usiku wa manane kuta zipoe ndipo aingie. Nilimkuta hivyo mwaka wa kwanza, nikamkuta hivyo mwaka wa pili. Hakunilaumu. Alisema tu: "Injinia, nyumba yako iko nguvu, lakini inapika watu."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka masomoni Butembo, nikashuka ziwani na plani ya Butembo. Butembo iko juu, kwenye mita 1,700 na zaidi. Kule usiku baridi inaingia mpaka mifupani, na mtu anataka dirisha dogo na mlango unaofunga vizuri. Kyavinyonge iko chini, kando ya Ziwa Edouard, kwenye mita 900 na kidogo, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Nilishusha nyumba ya mlimani nikaiweka kwenye joto. Tena niliijenga kwa matofali ya kuchoma na simenti nyingi, juu ndivyo tulivyokuwa tukijua wote: nyumba ya kudumu ni ile.

Naandika leo kwa sababu mwaka jana mama mdogo wangu, anayeuza samaki palepale Kyavinyonge, aliniita nimchoree nyumba yake. Na pia kwa sababu siku hizi kwenye semina zetu neno "majengo ya kaboni kidogo" linarudi kila mara. Tunaonyeshwa picha za maghorofa ya vioo na paneli za jua huko Ulaya, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani tukifikiri jambo lile halituhusu. Linatuhusu. Ila kwetu kaboni ya nyumba haikai mahali inapokaa kwao.

Kaboni ya nyumba iko wapi?

Katika nchi za baridi, sehemu kubwa ya kaboni ya nyumba ya kawaida inatoka wakati watu wanaishi ndani: kupasha joto vyumba miezi sita kwa mwaka, maji moto, umeme unaotoka kwenye makaa ya mawe au gesi. Ndiyo maana wanashughulika na vioo viwili, kuta za kuzuia baridi na paneli.

Sasa angalia nyumba ya mvuvi Kyavinyonge. Hapashi joto chochote, na hana mashine ya ubaridi. Anawasha taa mbili na kuchaji simu. Na umeme wa nchi yetu, pale unapofika, unatoka karibu wote kwenye maji: Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mtambo wa kwanza wa Virunga ulianza 2013, na Matebe kule Rutshuru, wenye megawati 13 hivi, ulizinduliwa Desemba 2015. Taa ya namna hiyo, au ile ya paneli ndogo juu ya paa, haina kaboni ya kutosha kuandikia makala.

Kwa hiyo, ukiondoa jiko ambalo nitalirudia, kaboni ya nyumba yetu imeshatoka kabla ya mtu kuingia ndani. Imo ndani ya ukuta, sakafu na mabati. Mimi ninaieleza kwa mafundi hivi: kaboni ni moto ambao umeshawaka mahali fulani. Chukua kila kitu unachonunua kwa ujenzi, uliza: hiki kilichomwa wapi, na kilichomwa kwa nini? Ukijibu swali hilo kwa kila kitu, umeshafanya nusu ya hesabu za kaboni bila kompyuta.

Kuna watakaosema: Mkongomani ana kaboni gani hata aihesabu? Ni kweli, moshi wa magari na viwanda vyetu, ukigawanywa kwa kila mtu, ni mdogo kati ya wote duniani. Lakini kaboni ya nchi yetu kwa sehemu kubwa haitoki kwenye magari. Inatoka kwenye miti inayokatwa. Serikali, katika ahadi yake ya mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, ilisema itapunguza asilimia 21 mpaka 2030, na kati ya hizo 21, ni 2 tu tutakazofanya kwa nguvu zetu wenyewe; 19 zinangoja msaada wa nje. Nyumba inayookoa miti inaingia katika zile 2. Hatuhitaji kungoja mtu.

Na tabianchi yenyewe haitungoji. Siku mawingu yakifunguka tunaiona Ruwenzori. Mwaka 1906 barafu yake ilifunika kilomita za mraba 6 na nusu. Kufika 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja.

Moto wa tofali

Tofali la kuchoma tunalipenda, na tuna sababu. Halilainiki kwa mvua, fundi analijua, na mtu akipita barabarani anaona kwamba mwenye nyumba amefika. Lakini tanuru inakula kuni siku kadhaa mfululizo, na moto mwingi unatoka pembeni na juu bila kuiva kitu. Tofali za nje zinabaki mbichi, za katikati zinaungua.

Hesabu ya kuni ni rahisi. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Ikiungua na kushikana na oksijeni ya hewani, kilo moja ya kuni kavu inatoa kilo 1.8 hivi za hewa ya kaboni. Tuchukue mfano: tanuru ya nyumba moja imekula tani 3 za kuni kavu. Hapo kuna tani 5 na nusu za hewa ya kaboni, kabla hatujanunua mfuko hata mmoja wa simenti.

Sasa swali kubwa ni kuni zimetoka wapi. Kama zimetoka kwenye shamba la mikaratusi juu ya Butembo au Lubero, na mwenye shamba ameacha visiki vichipuke au amepanda tena, basi miti mipya itairudisha ile kaboni kidogo kidogo kwa miaka inayokuja. Wazee wetu walijaza vilima hivyo mikaratusi, na mradi wa EcoMakala wa WWF ulioanza 2007 umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala ili mkono usiende kwenye Parke. Lakini kama kuni zimetoka kwenye Parke, hakuna anayepanda tena. Na Kyavinyonge, wandugu, ni pesheri iliyo ndani ya Parke ya Virunga yenyewe. Kushoto ziwa, kulia Parke. Kila kuni isiyotoka mlimani kwa Fuso inatoka kwenye miti ambayo haina ruhusa kukatwa, na vijana wetu wamepata taabu kubwa kwa ajili ya mzigo mmoja wa kuni.

Moto wa simenti

Simenti tunayotumia upande wetu kwa kawaida inavuka mpaka wa Kasindi kutoka Uganda. Kule Hima, wilaya ya Kasese, kuna kiwanda kikubwa. Mfuko unaonekana kama unga tu, lakini ndani yake kuna moto wa aina mbili. Kwanza, mawe ya chokaa yanapashwa mpaka karibu digrii 1,450, na kwa hilo unahitaji makaa, mafuta au takataka za mashamba. Pili, jiwe lenyewe lina kaboni ndani yake. Likiungua linaiachia, na hii ndiyo sehemu kubwa kuliko ile ya mafuta. Maana yake, hata ukichoma kwa umeme wa maji, jiwe bado litatoa hewa yake. Kwa wastani wa dunia, tani moja ya simenti inatoa kilo 600 hivi za hewa ya kaboni. Simenti peke yake inabeba asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni ambayo binadamu wanaitoa.

Mimi sisemi tuache simenti. Ninasema tuiweke mahali inapofanya kazi ambayo kitu kingine hakiwezi.

Maneno ya mama mdogo

Basi nilishuka Kyavinyonge na mawazo hayo, nikamwambia mama mdogo tutumie udongo. Alinyamaza. Kisha akasema:

"Miaka yote niliuzisha samaki juu usome. Sasa umesoma, unataka unirudishe mu nyumba ya udongo? Watu watanicheka."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amelala katika nyumba ya miti na matope tangu utoto wake, aliona panya, aliona mchwa, aliona ukuta ukianguka mwezi wa kumi na moja wakati wa mvua. Alikuwa ameshalipia rundo la kwanza la matofali ya kuchoma. Mtu anayetaka tuzungumze naye juu ya tabianchi lazima aanzie hapo: nyumba ya udongo kwetu ni alama ya umasikini, na umasikini ule ulikuwa wa kweli. Haitoshi kumwambia kwamba dunia imebadilisha mawazo.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya shule ya Gando, Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré aliijengea kijiji chake mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa simenti kidogo, na paa la mabati lililoinuliwa juu ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mama mdogo alitazama muda mrefu, akauliza: "Na mvua yao iko sawa na yetu?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko semina zangu zote. Hapana, mvua yao si sawa na yetu. Burkina ni kukavu miezi mingi. Kwetu mvua inapiga ukuta kwa upande, na maji yanaruka kutoka chini. Kwa hiyo picha ya Gando haikutosha. Ilibidi tuifikirie nyumba yetu upya, tukianzia kwenye maji.

Simenti iende mahali pa maji

Wengi wetu tumesikia juu ya matofali ya kubana, yale yanayoshikana bila chokaa katikati. Mashine ya mkono ya CINVA-Ram ilitengenezwa Colombia miaka ya 1950. Jirani zetu wa Uganda wameiendeleza: Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza mashine ya tofali linaloshikana na lenzake, na shule na matangi mengi yamejengwa hivyo. Udongo unachanganywa na simenti kidogo, unabanwa, unafunikwa na kumwagiliwa wiki kadhaa. Hakuna tanuru.

Lakini tusidanganyane hapa. Nilipofanya hesabu ya nyumba ya mama mdogo, mita 6 kwa 8 yenye kuta za ndani, nilipata ukuta wa mita za mraba 95 hivi ukiondoa milango na madirisha. Msingi na sakafu siviweki, juu katika njia zote tatu ni karibu sawa.

Njia ya kwanza, bloki za simenti: bloki 1,200 hivi, mifuko 40, ongeza ya kuunganisha, ya kupiga ripu ndani na nje, na ya shenaji juu ya kuta, unafika mifuko 65 hivi. Hiyo ni karibu tani 2 za hewa ya kaboni.

Njia ya pili, matofali ya kubana kuta zote: matofali 3,400, na kwa mfuko mmoja unapata kama 100. Ni mifuko 34, pamoja na shenaji 41. Tani 1.2. Ni nafuu, lakini si muujiza. Ukiongeza mkono wa simenti kwa woga, kama mafundi wengi wanavyofanya, unarudi pale pale.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Matofali ya kubana yenye simenti tuliyaweka sentimita 60 za chini za kuta za nje tu, pale maji yanaporuka. Juu ya hapo, na kuta zote za ndani, tofali bichi la udongo, nene, bila simenti. Juu ya yote shenaji ya zege inayozunguka nyumba nzima. Mifuko 13 mpaka 15. Chini ya nusu tani.

Kwa hiyo nyumba ile ile inaweza kuanzia chini ya nusu tani, ikafika tani 2 kwa bloki, na kwa tofali za kuchoma ikapita tani 5 kwa kuni peke yake. Tofauti yote imo ndani ya maamuzi ya siku mbili, kabla fundi hajaanza. Ile mifuko 50 ambayo hakuinunua, mama mdogo aliielewa haraka kuliko tani zangu. Alisema: "Hiyo ni mabati."

Kuhusu udongo, jaribu kwa chupa. Weka udongo nusu ya chupa, maji, chumvi kidogo, tikisa, acha siku nzima. Mchanga unashuka kwanza, halafu udongo laini, mfinyanzi unakaa juu. Kwa tofali la kubana unatafuta mchanga zaidi ya nusu, na mfinyanzi kama sehemu 1 kati ya 5. Karibu na maji, udongo wetu una mchanga mwingi mno. Tukachanganya na udongo mwekundu wa nyuma, ndani ya mipaka ya pesheri. Udongo unaopasuka ukikauka, achana nao.

Usisahau ardhi inatikisika

Tuko ndani ya bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu upande wa Beni na upande wa Toro, Uganda, na nyumba za udongo zilianguka. Anayeshauri udongo bila kusema neno juu ya tetemeko anacheza na maisha ya watu. Ndiyo maana sikukubali kupunguza shenaji hata mama mdogo alipotaka. Mkanda ule unazishika kuta pamoja, na lile paa jepesi la mabati haliwezi kuua mtu kama dari la zege. Vyumba viwe vidogo, dirisha lisikaribie kona, na ukuta usiwe mrefu bila kuta za ndani za kuushikilia. Simenti na vyuma hapo vina kazi ya kweli. Kaboni kidogo si kujenga nyumba dhaifu. Nyumba ikianguka baada ya miaka 10, utachoma moto mara ya pili.

Paa, jua na upepo

Sasa nirudi kwa yule anayelala barazani. Joto lake halikutoka ukutani kwanza, lilitoka juu. Bati lililochakaa, saa nane mchana, linaweza kupita digrii 60, na linamwagia waliomo ndani joto kama sufuria iliyofunikwa. Nyasi zingekuwa poa, lakini moto wa jirani mmoja unaweza kumaliza mtaa wote, na nyasi za Parke si zetu kukata. Tukabaki na bati. Kwa nyumba hii ni chuma cha kilo 240 hivi, nusu tani nyingine ya hewa ya kaboni. Kwa hiyo tuliitumia vizuri.

Tulipaka bati rangi nyeupe. Tuliacha nafasi wazi kati ya ukuta na paa pande zote, tukafunga wavu wa mbu juu malaria haina huruma. Chini ya paa tuliweka dari ya mianzi kutoka milimani, na hewa ya moto inatoka juu ya dari bila kushuka kwa watu. Nyumba ilinyooshwa mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi tu, na kuta hizo hazina dirisha. Madirisha makubwa yanatazama kusini na kaskazini, yanaangaliana, upepo unaingia huku unatokea kule. Kujua upepo hauhitaji chombo: funga kitambaa kwenye mti, pita hapo saa nane mchana na saa mbili usiku kwa wiki moja.

Vyumba vya kulala tulivipa ukuta mwembamba zaidi, kwa sababu ukuta mnene unatunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Hapo ndipo plani yangu ya Butembo ilipomshinda yule bwana. Na dirisha la chumba cha kulala halikushushwa chini sana. Wanaojua Kyavinyonge wanajua: usiku kiboko anapanda kijijini kula majani, na yeye hapigi hodi.

Jiko

Nilisema nitalirudia. Katika nyumba yetu moto unaowaka kila siku ni wa jikoni: kuni, makala. Nyumba ya kaboni kidogo yenye mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na bomba la moshi ni hesabu ya uongo, na macho ya mama zetu yanajua. Hapa ndipo tofali za kuchoma alizokuwa ameshazilipia zilipopata kazi yake sahihi. Tulijenga nazo jiko la pembeni, lenye bomba la moshi na mahali pa moto palipofungwa, juu tofali lililochomwa linavumilia moto kuliko yote. Zilizobaki zilizunguka milango na madirisha. Hakuna iliyotupwa.

Na kwa mtu ambaye hata hivyo atajenga kwa tofali za kuchoma, kuna njia ya kupunguza. Simamisha matofali kwa ubavu wake, ukiacha uwazi katikati ya ukuta. Mtindo huo Laurie Baker aliueneza sana kule Kerala, India. Rwanda umeenezwa na mradi wa PROECCO kwa fedha za Uswisi. Unaokoa karibu robo ya matofali, na ule uwazi unapunguza joto.

Kilichoharibika

Nyumba ilikamilika. Nje tulipiga udongo laini, kisha chokaa nyeupe, na ukanda wa chini ukapakwa rangi ya bahari kama alivyotaka. Walioipita waliuliza: ni ya bloki? Mama mdogo alijibu: "Ni ya kudumu." Hakusema zaidi.

Mvua ya kwanza kubwa, kona moja ya nyuma ilimomonyoka, kina cha vidole viwili. Nilishuka mbio. Kumbe fundi, kwa kuokoa mabati, alikuwa amekata ukingo wa paa upande ule. Mimi nilichora sentimita 80. Yeye aliacha 40. Sikuwepo siku hiyo, na sikuwa nimemweleza kwa nini 80. Kwake ilikuwa mapambo tu. Kwa nyumba ya udongo ukingo ule ndio koti la mvua: bila huo, zile hesabu zangu zote za kaboni zinaoshwa na maji. Tuliongeza safu ya bati, tukafunga mfereji na pipa la maji, ambalo kipindi cha kipindupindu lilisaidia zaidi ya nilivyofikiri, na tukaziba kona kwa udongo ule ule. Kuziba kulichukua asubuhi moja na hakukugharimu simenti. Lakini majirani walikuwa wameshaiona kona ile, na wawili walirudi kwenye bloki. Hiyo ni gharama ya kutoeleza vizuri, na ni yangu.

Wandugu, upande wetu watu wanajenga haraka. Wengine wamekimbia vita, wanataka paa kabla ya mvua. Sisi tuliosoma ndio tunaoulizwa mifuko mingapi. Kiangazi cha mwezi wa sita na wa saba kinakuja, na matanuru yataanza kuwaka. Ukiitwa kuchora nyumba, kaa kwanza na mwenye nyumba na fundi pamoja, si mmoja mmoja. Waulize kila kitu kimechomwa wapi. Wekeni alama kwenye plani pale maji yanapopiga, simenti iende hapo na kwenye shenaji. Na mweleze fundi kwa nini ukingo wa paa ni sentimita 80, mpaka aweze kukueleza yeye.

Yule bwana wa barazani bado analala nje. Mwezi ujao nashuka kutoboa kuta zake juu ya madirisha na kupaka bati lake nyeupe. Sitamtoza kitu.